Usalama wa boti kwenye Bwawa la Mtera

Usalama wa boti kwenye Bwawa la Mtera ni jumla ya maarifa, kanuni na desturi zinazowawezesha wavuvi, wasafiri na watu wanaotembea majini kwa burudani kutumia vyombo vyao bila ajali kwenye bwawa hilo. Mtera liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, katikati ya Tanzania, nalo ni eneo kubwa la maji kuliko yote yanayofikika kwa urahisi kutoka jiji la Dodoma.

Mtera ni tofauti na maziwa ya asili kama Viktoria au Tanganyika kwa mambo mawili. Kwanza, usawa wa maji yake hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kufuatana na mvua na matumizi ya maji kwa umeme. Pili, chini ya maji kuna mabaki ya msitu uliozama bwawa lilipojazwa. Mambo haya mawili yakikutana, njia iliyokuwa salama mwezi Mei inaweza kuwa na visiki vya kutoboa boti mwezi Novemba. Kwa sababu hiyo nahodha wa Mtera hulazimika kujifunza bwawa upya kila msimu.

Mahali na historia

Bwawa la Mtera lilijengwa kati ya mwaka 1975 na 1979 kwenye Mto Ruaha Mkuu. Kusudi la kwanza lilikuwa kuhifadhi maji ya mvua ili yatumike wakati wa kiangazi katika kituo cha umeme cha Kidatu, kilicho chini zaidi kwenye mto huohuo. Mwaka 1988 Mtera ilipata kituo chake yenyewe chenye uwezo wa megawati 80. Bwawa na kituo huendeshwa na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO).

Likijaa, bwawa huwa na eneo la takriban kilomita za mraba 660, urefu wa kilomita 56 na upana wa hadi kilomita 15. Maji yake hutoka hasa katika Ruaha Mkuu, unaoanzia upande wa Usangu na kupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, pamoja na Ruaha Mdogo unaotoka nyanda za Iringa na Mto Kisigo unaotoka kaskazini-magharibi. Ukuta wa bwawa uko upande wa mashariki, na barabara kuu ya Dodoma–Iringa, yenye urefu wa takriban kilomita 260, hupita juu yake karibu katikati ya safari.

Dodoma ni nchi kavu. Jiji liko kwenye uwanda wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na halina ziwa kubwa la asili karibu. Mabwawa madogo kama Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini-mashariki ya jiji, hutumika zaidi kwa kilimo cha umwagiliaji na uvuvi. Tangu wizara zilipoanza kuhamia Mji wa Serikali wa Mtumba mwaka 2019, wakazi wa Dodoma wameongezeka, na pamoja nao watu wanaotafuta mahali pa kupumzika mwishoni mwa wiki. Wengi wao hawakukulia kando ya maji, hivyo hawajui kuogelea wala kusoma dalili za upepo. Elimu ya usalama ina umuhimu wa pekee kwao.

Vyombo vinavyoonekana zaidi Mtera ni vya wavuvi wa vijiji vya kando ya bwawa, kama vile Mtera kwenyewe na Migoli upande wa Iringa. Wavuvi hao hutafuta perege, kambale na samaki wengine kwa mitumbwi na boti za mbao, baadhi zikiwa na mashine. Mgeni anayetaka kuvua kwa ndoana, kutazama ndege au kupiga picha mara nyingi hupanda chombo cha mvuvi. Kwa hiyo, burudani na uvuvi hufanyika kwenye maji yaleyale na hutegemea ujuzi uleule.

Kupanda na kushuka kwa maji

Usawa wa maji ya bwawa hupimwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. Mtera huhesabiwa kuwa limejaa maji yanapofika mita 698.5. Kiwango cha chini kilichowekwa kwa ajili ya kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni mita 8.5, yaani kimo kinachozidi nyumba ya ghorofa mbili.

Kwa kawaida maji huwa mengi zaidi kuelekea mwisho wa mvua na miezi inayofuata, kisha hupungua taratibu kiangazi chote hadi mvua mpya zifike. Lakini miaka hailingani. Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilijaza mabwawa mengi ya nchi, na mwaka 2015 mabwawa ya umeme, Mtera likiwemo, yalipungukiwa maji kiasi kwamba mitambo ilizimwa. Matumizi ya maji katika mashamba ya juu ya mto nayo huathiri bwawa. Tangu miaka ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi.

Bonde la Mtera ni tambarare kwa sehemu kubwa. Maji yakishuka kwa mita moja tu, ufuko unaweza kurudi nyuma kwa umbali mrefu. Ghuba ambamo boti ilielea inaweza kugeuka tope, rasi ikawa kisiwa, na mahali pa kushukia pakawa mbali na maji. Pia, kwa kuwa kina cha wastani cha bwawa lote ni mita chache tu, hata katikati ya bwawa si lazima maji yawe mengi.

Miti iliyozama

Bonde lilipojazwa maji, miti mingi ya nyika, ikiwemo mibuyu na migunga, ilizama ikiwa imesimama. Miti hiyo ilikufa, lakini haikutoweka yote kwa wakati mmoja. Mbuyu una mti laini wenye nyuzi, nao huoza mapema. Miti migumu hudumu miaka mingi zaidi, hasa sehemu zake zinazobaki chini ya maji wakati wote, kwa sababu vimelea vinavyoozesha mti vinahitaji hewa. Sehemu inayolowa na kukauka kwa zamu ndiyo inayooza upesi. Matokeo yake shina hukatikia karibu na usawa ambao maji hukaa mara kwa mara, na kinachobaki ni kisiki kisichoonekana kutoka juu.

Uhusiano kati ya usawa wa maji na kisiki unaweza kuelezwa kwa mfano. Chukua kisiki ambacho ncha yake iko mita 692.5 juu ya usawa wa bahari:

Bwawa likiwa limejaa (mita 698.5), ncha iko mita 6 chini ya maji. Hakuna boti ndogo inayoweza kuigusa.

Maji yakiwa mita 693, ncha iko nusu mita tu chini ya maji. Haionekani, lakini inatosha kuvunja pangaboi au kupasua ubao wa chini wa boti.

Maji yakiwa mita 690, ncha imetokeza mita 2.5 juu ya maji. Inaonekana kutoka mbali, na ndege huweza kutua juu yake.

Kwa hiyo kisiki kilekile huwa hakina madhara maji yakiwa mengi, huwa alama ya njia maji yakiwa machache, na huwa mtego katika kiwango cha kati. Kwa kuwa ncha za visiki hazilingani, kila maji yanaposhuka baadhi huonekana na vingine huingia katika hali ya mtego. Mti unaoonekana una faida kwa msafiri kwa sababu humwonya kuwa ipo mingine jirani. Wazoefu hupunguza mwendo wanapoona hata mti mmoja uliosimama, nao huepuka kupita kati ya miti miwili hata kama maji ya hapo yanaonekana safi.

Hatari nyingine ni magogo yaliyong'oka na kuelea, hasa mwanzoni mwa mvua mito inapofurika. Gogo lililolowa sana huelea likiwa limezama karibu lote, na upepo hulihamisha kila siku.

Mwendo

Kinga ya kwanza dhidi ya visiki ni mwendo mdogo. Boti inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Nahodha akihitaji sekunde mbili kuona kisiki na kugeuza usukani, boti itakuwa imekwenda karibu mita 17. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, umbali huo ni chini ya mita 5.

Tena nguvu ya pigo haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Kutoka kilomita 8 hadi 30 kwa saa mwendo huongezeka karibu mara nne, lakini nishati ya mgongano huongezeka takriban mara 14. Pigo ambalo katika mwendo mdogo lingekwaruza rangi tu, katika mwendo mkubwa huweza kupasua boti na kuwarusha abiria majini.

Katika maji yenye miti, mtu mmoja hukaa omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, akitazama maji na kuonyesha kwa mkono upande wa kupita. Jua likiwa mbele ya chombo, mng'ao wake huficha visiki. Likiwa nyuma au juu, macho huona vizuri zaidi ndani ya maji. Mwanzoni mwa mvua, mito inapoleta tope, maji hubadilika rangi na kuona chini hakuwezekani kabisa.

Upepo na mawimbi

Uwanda wa Dodoma unajulikana kwa upepo, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba wakati wa kusi. Kwa kawaida upepo hutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki. Asubuhi na mapema hewa huwa tulivu, kisha upepo huongezeka kadiri jua linavyopasha joto ardhi, na mchana na alasiri huwa na nguvu zaidi.

Ukubwa wa mawimbi hutegemea nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na umbali wa maji ulio wazi mbele yake. Bwawa lenye urefu wa makumi ya kilomita hutoa nafasi ya kutosha. Aidha, katika maji yenye kina kifupi mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama, moja likifuata jingine kwa karibu. Mawimbi ya namna hii huingiza maji kwenye chombo kidogo kabla hakijapata nafasi ya kuinuka.

Mpangilio wa bwawa huongeza hatari moja. Anayeanza safari upande wa mashariki, karibu na ukuta au vijiji vya huko, na kuelekea magharibi asubuhi, husukumwa na upepo na kuona safari ni rahisi. Wakati wa kurudi, alasiri, hukabili upepo uleule ukiwa umeongezeka, mafuta yamepungua na abiria wamechoka. Kanuni inayofaa kwa safari za burudani ni kuanza kwa kukabili upepo na kurudi ukiwa nyuma, au kumaliza safari kabla ya mchana. Kuhusu mafuta, desturi nzuri ni theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, na theluthi moja ya akiba.

Wakati wa mvua hatari hubadilika. Wingu kubwa jeusi la radi linaweza kushusha upepo wa ghafla unaovuma kwa muda mfupi kutoka upande wowote. Dalili zake ni giza upande mmoja wa anga, ngurumo, hewa kupoa ghafla, na mstari mweusi wa maji yaliyochafuka unaokaribia. Radi ikisikika, chombo kinapaswa kuelekea ufukoni bila kusubiri, kwa kuwa mtu aliye kwenye maji ya wazi ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka. Utabiri wa kila siku hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Mawimbi yakizidi kabla ya kufika, omo hupaswa kuyakabili kwa pembe kidogo badala ya kuyapokea ubavuni. Abiria hukaa chini, katikati ya chombo, na mizigo hushushwa sakafuni. Kusimama au kukimbilia upande mmoja ndiko kunakopindua vyombo vingi vidogo.

Maeneo ya kuepukwa

Karibu na ukuta wa bwawa kuna milango ya kutolea maji na mdomo wa kupitishia maji kwenda kwenye mitambo. Maji yanapotolewa, mkondo huvuta vitu vinavyoelea kuelekea huko, na boti ambayo mashine yake imezimika haiwezi kujiokoa. Eneo hilo ni la uzalishaji wa umeme na si mahali pa kutembelea kwa boti, hata siku ambayo maji yanaonekana yametulia. Upande wa chini ya ukuta nao una hatari yake, kwa kuwa mto unaweza kupanda ghafla milango inapofunguliwa.

Midomo ya mito hujaza mchanga na tope, na mafuriko ya kila mwaka huhamisha njia zake. Chombo kilichokwama topeni hakipaswi kusukumwa kwa mashine kwa nguvu, kwani pangaboi hujichimbia zaidi. Njia salama ni kuzima mashine, kuinyanyua, kusogeza uzito upande ulioelea, na kujisukuma kwa pondo kurudi mahali ulipotokea.

Nyavu za wavuvi huwekwa sehemu nyingi na kuonyeshwa kwa maboya madogo au vipande vya plastiki vinavyoelea. Kupita juu yake kwa mashine huharibu mali ya mvuvi na huweza kusokota pangaboi. Anayeona kielezi kimoja anapaswa kutafuta cha pili, kwa kuwa wavu uko kati yao, kisha azunguke nje ya vyote viwili.

Wanyama na afya

Bwawa lina viboko na mamba. Kiboko hutumia mchana kwenye maji yenye kina kifupi karibu na ufuko, na usiku hutoka kula majani. Akishtuka hukimbilia kwenye kina, hivyo chombo hakipaswi kukaa kati yake na maji mengi. Mitumbwi midogo huwa katika hatari zaidi alfajiri na jioni, wakati wanyama hao wanapoingia na kutoka majini. Wavuvi hugonga ubavu wa chombo mara kwa mara ili kiboko aliyezama ajue kuwa kuna watu na ajitenge. Kwa ajili ya mamba, mikono na miguu haipaswi kuning'inia nje ya chombo, na samaki hawapaswi kuoshwa mahali watu wanapoingilia botini.

Kichocho ni ugonjwa unaoambukizwa kwenye maji baridi yaliyotulia, hasa pembezoni penye majani ambako konokono wanaobeba vimelea huishi. Vimelea hupenya kwenye ngozi wakati mtu anapotembea au kuogelea majini. Aliyelowa kwenye maji ya namna hiyo anashauriwa kupima kwenye kituo cha afya, maana ugonjwa hutibika kwa dawa. Maji ya bwawa hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa dawa.

Vifaa na ukaguzi wa chombo

Kifaa muhimu kuliko vyote ni jaketi okozi, moja kwa kila mtu, lenye ukubwa unaomfaa na lililofungwa mwilini tangu mwanzo wa safari. Jaketi lililowekwa chini ya kiti halisaidii, kwa sababu chombo kidogo hupinduka kwa sekunde chache na kulivaa ndani ya maji ni vigumu sana. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani, hivyo watoto wahitaji majaketi yao. Kuogelea vizuri si mbadala wa jaketi: pigo la kichwa, uchovu au mawimbi humshinda hata mwogeleaji hodari.

Vifaa vingine vinavyohitajika ni makasia au pondo hata kama kuna mashine, nanga yenye kamba ndefu, kopo la kufulia maji (yaani kuchota maji yaliyoingia chomboni na kuyamwaga nje), filimbi, tochi, simu iliyochajiwa na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, maji ya kunywa, na vitambaa na misumari ya kuzibia tundu la dharura. Kwa kuwa visiki huharibu pangaboi mara kwa mara, wenye boti za mashine hubeba pangaboi la akiba pamoja na pini yake.

Kabla ya kuondoka, nahodha hukagua mbao na viungio vyake, mafuta, na uzito. Kupakia kupita kiasi ni chanzo cha misiba mikubwa katika maji ya Tanzania. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara kwenye Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 walikufa. Msiba huo ulitokea karibu kabisa na nchi kavu. Kwenye mtumbwi au boti ndogo kipimo rahisi ni sehemu ya ubavu inayobaki juu ya maji. Ikiwa wimbi dogo la chombo kinachopita linaweza kuingia ndani, watu ni wengi mno.

Kanuni za kupishana

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilikubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Zilitungwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo, lakini misingi yake hufuatwa na mabaharia wa maziwa na mabwawa pia. Iliyo muhimu kwa vyombo vidogo ni hii:

Vyombo viwili vya mashine vikikutana ana kwa ana, kila kimoja hugeukia kulia.

Njia zao zikikatana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha.

Anayempita mwingine kutoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kukaa mbali naye.

Chombo cha mashine humpisha mwenye tanga na mwenye kuvua kwa nyavu.

Usiku, taa nyekundu huonyesha upande wa kushoto wa chombo, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe nyuma, yaani tezi.

Honi moja fupi humaanisha «nageukia kulia», mbili «nageukia kushoto», tatu «narudi nyuma», na tano au zaidi «sielewi unachofanya».

Kwenye Mtera kanuni ya kupisha ina mipaka yake. Anayempisha mwenzake haipaswi ageukie kwenye miti. Ni heri wote wawili wapunguze mwendo au wasimame. Vilevile mitumbwi mingi haina taa, kwa hiyo safari za burudani hazifai kufanywa baada ya jua kuzama. Karibu na ikweta machweo ni mafupi, na giza huingia haraka.

Kutafuta njia

Njia ya zamani na ya kuaminika ni kutumia alama mbili zilizo kwenye mstari mmoja, kwa mfano mti mkubwa wa ufukoni na kilele cha kilima nyuma yake. Alama zikiendelea kulingana, chombo kiko kwenye mstari. Zikiachana, kimesukumwa na upepo. Alama zinazochaguliwa ziwe za nchi kavu ya kudumu, si visiki vya majini vinavyoweza kuanguka.

Simu zenye GPS zinaweza kuhifadhi njia iliyopitwa na kuionyesha tena. Kifaa hicho kina faida, lakini kinaeleza mahali tu, hakielezi kina. Njia iliyohifadhiwa maji yakiwa mita 697 haina dhamana yoyote yakiwa mita 692. Kwa hiyo kila njia inayohifadhiwa iandikwe pamoja na tarehe na usawa wa maji wa siku hiyo. Asiyejua usawa rasmi anaweza kutumia kipimo chake mwenyewe, kama alama ya rangi kwenye mwamba wa mahali pa kupakilia. Picha za satelaiti zilizopigwa miaka ya ukame zina manufaa pia, kwa kuwa huonyesha vilima, mikondo ya zamani ya mito na miti iliyofichwa na maji leo. Mkondo wa zamani wa Ruaha Mkuu ndiko kwenye kina zaidi.

Hata hivyo, chanzo bora cha habari ni mvuvi aliyekuwa majini jana. Mgeni asiyelijua bwawa anapaswa kusafiri na mwenyeji.

Sheria na usimamizi

Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanza kazi mwaka 2018 na kuchukua majukumu ya usafiri wa majini yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Shirika hilo husajili na kukagua vyombo, vikiwemo vidogo vya kwenye maziwa na mabwawa. Uvuvi husimamiwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, inayotaka wavuvi na vyombo vyao wawe na leseni. Kijijini, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) hushirikiana na maofisa uvuvi na huwa vya kwanza kujua chombo kipi hakijarudi.

Ajali inapotokea

Kabla ya safari, mtu aliyebaki nchi kavu anapaswa kujua idadi ya waliopanda, upande walikoelekea na saa ya kurudi. Bila taarifa hiyo hakuna atakayeanza kutafuta kwa wakati.

Chombo kikipinduka, kanuni ya kwanza ni kubaki nacho. Boti ya mbao iliyojaa maji kwa kawaida huendelea kuelea, na huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na wengi wanaozama ni wale walioacha chombo wakajaribu kuogelea. Walio majini hushikamana, huhesabiana, na watoto huwekwa katikati au juu ya chombo. Filimbi hupigwa mara kwa mara kwa kuwa sauti ya mtu haifiki mbali penye upepo.

Anayeokoa asimrukie anayezama, maana mwenye hofu humshika na kumzamisha mwokoaji. Amtupie kamba, kasia au dumu tupu lililofungwa mfuniko. Anayevutwa ndani apitishwe omo au tezi, si ubavuni, ili chombo cha pili nacho kisipinduke. Aliyetolewa majini bila kupumua apewe hewa ya mdomo kwa mdomo na kukandamizwa kifua mara moja. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke hakufai, kwa kuwa hupoteza dakika zinazohitajika. Namba za dharura nchini ni 112 kwa Polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mafunzo kutoka mabwawa mengine

Tatizo la miti iliyozama si la Mtera peke yake. Ziwa Volta nchini Ghana, lililotokana na bwawa la Akosombo lililokamilika mwaka 1965, lilifunika msitu mkubwa, na ajali nyingi za boti huko zimesababishwa na visiki. Serikali ya Ghana imefanya kazi ya kuviondoa kwenye njia za usafiri. Kwenye Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, sehemu ya miti ilifyekwa kabla ya maji kujaa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ziwa hilo lina boti nyingi za burudani, zikiwemo za kulala. Hata hivyo sehemu ambazo hazikufyekwa bado zina mashina yanayotokeza.

Kufyeka miti yote si jambo lisilo na hasara. Mashina hutoa makazi kwa samaki wadogo, mahali pa ndege kutua na kuzalia, na kinga dhidi ya nyavu za kukokota. Kwa hiyo suluhisho linalofaa bwawa la uvuvi ni kusafisha njia chache zinazojulikana, kuziwekea alama, na kuacha miti mingine. Alama hizo zinahitaji kukaguliwa kila usawa wa maji unapobadilika.

Tanzania sasa ina bwawa kubwa zaidi la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Maji ya Mtera yenyewe hushuka kwa Ruaha Mkuu hadi Rufiji na kuingia humo.